Jiwe lenye nusu ya mshororo: namna ya kuweka ushairi katika bustani

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ua, uwanja wa shule, bustani ya hoteli au kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, anayetaka kuweka humo maneno ya kuchongwa: mshororo, jina, au kumbukumbu ya utendi wa kale. Vibao vya "Usikanyage nyasi" vina mafundi wake na havihusiki hapa.

Mwalimu wetu mkuu atakuwa mshairi mmoja wa Uskoti, Ian Hamilton Finlay (1925–2006). Mwaka 1966 yeye na mkewe Sue walihamia Stonypath, shamba la upepo na baridi kwenye vilima vya Pentland, kusini-magharibi mwa Edinburgh. Walichimba mabwawa, Sue akapanda, na mashairi ya Finlay yakaanza kuhama kutoka karatasini kwenda kwenye mawe, mbao, madawati na miti. Bustani hiyo leo inaitwa Little Sparta na ina kazi zaidi ya 270. Hata jina ni uchokozi: Edinburgh imezoea kujisifu kuwa ndiyo Athens ya Kaskazini, basi jirani yake akaamua kuwa Sparta, adui wa kale wa Athens.

1. Tembea kabla ya kuandika

Kosa la wengi ni kuanza na maneno. Mtu ana ubeti anaoupenda, anatafuta jiwe, halafu anatafuta pa kuliweka. Anza upande wa pili. Pita bustanini asubuhi, adhuhuri na jioni, uone mtu husimama wapi, huinama wapi, maji husikika kutoka wapi, kivuli cha mwembe hufika wapi saa kumi. Mahali ambapo mwili wa mgeni hufanya jambo (kuketi, kuinama, kupita mlangoni, kuvuka mfereji) ndipo maneno hukaa vizuri.

Kila aliyesoma mashairi ya arudhi anajua kwamba mshororo wa tarbia una vipande viwili, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili). Ukwapi peke yake huning'inia. Masikio husubiri utao. Maandishi ya bustani ni hivyo hivyo: jiwe libebe ukwapi, na utao uuachie mahali penyewe pauseme. Kule Little Sparta kuna kidimbwi chenye majani ya kawaida kabisa, na kwenye mti hapo juu limetundikwa bamba la jiwe lenye herufi mbili tu, A na D. Hiyo ni sahihi ya mchoraji wa Ujerumani Albrecht Dürer, ambaye mwaka 1503 alichora kwa rangi za maji kichaka cha majani pori, jani kwa jani. Herufi mbili, na nyasi zilizokuwa zikikanyagwa zinageuka kuwa mchoro wa kutazamwa. Bila nyasi, bamba halina maana. Bila bamba, nyasi ni nyasi.

Jaribio lake ni rahisi. Andika maneno yako kwenye kadibodi kwa kalamu nene, yasimamishe pale ulipokusudia, yasome. Kisha yahamishie kwenye ukuta wa choo. Kama yanasomeka vilevile na kwa uzito uleule, yana ukwapi na utao vyote ndani yake, na bustani haina kazi ya kufanya. Tupa, andika mengine.

2. Maneno yawe machache, na ujue nani anasema

Kwa upande wa ufupi, shule yetu ni kanga. Jina la kanga hukaa mstari mmoja, husomwa mtu akiwa anapita, na nusu ya utamu wake hutegemea aliyevaa na aliyelengwa. Jiwe nalo husomwa na mtu aliye mwendoni. Ukizidisha maneno saba, uwe na sababu.

Sababu zipo. Katika bustani ya Stowe, Uingereza, nyuma ya jengo la mashujaa lililobuniwa na William Kent miaka ya 1730, kuna maandishi marefu ya kumlilia Signor Fido, Mwitaliano wa ukoo mwema, mume mwaminifu, rafiki asiyejipendekeza. Msomaji anazidi kumheshimu marehemu mpaka afike mwisho, ambako anaambiwa kwamba huyo hakuwa mtu bali mbwa wa mbio. Hapo urefu ndio mtego wenyewe. Kama huna mtego wa namna hiyo, fupisha.

Amua pia sauti. Ni jiwe linalosema, au mti, au maji, au mgeni anayesoma? Katika kasri la Alhambra kule Granada, beti za Ibn Zamrak, mshairi wa karne ya 14, zimechongwa kuzunguka ukingo wa bakuli la chemchemi ya simba, na humo maji na marumaru vinafananishwa hadi mtu asijue kipi kati yake ndicho kinachotiririka. Anayesoma yuko mbele ya kitu hicho hicho, macho yake yanahakiki shairi papo hapo. Katika ukumbi mwingine wa kasri hilo, kuta zenyewe husema "mimi", zinajisifu kuwa ndizo bustani. Nafsi ya kwanza ina nguvu sana kwenye jiwe. Amri pia ina nguvu, ila itumie kwa kiasi. Mawaidha hayana nguvu kabisa: "Tutunze mazingira" ni sauti ya ofisi, hata ukiichonga kwenye marumaru.

Wanaotaka Kiswahili kwa hati ya Kiarabu wana asili ya kutosha nyuma yao. Maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Lakini tafuta mwandishi wa khati anayejua kazi. Fonti ya kompyuta iliyokuzwa kwenye jiwe huonekana mara moja.

Na jambo la adabu: aya, dua na majina matukufu visiwekwe kwenye vigae vya kupitia wala kwenye benchi la kukalia.

3. Rejeo la kale: mlango wenye wasomaji wawili

Hapa ndipo pana utamu, na ndipo wengi huharibu.

Stourhead, kusini mwa Uingereza, ni bustani iliyopangwa kuzunguka ziwa na tajiri wa benki Henry Hoare katikati ya karne ya 18. Juu ya mlango wa hekalu la Flora, mungu wa maua wa Warumi, kuna maneno ya Kilatini: *Procul, o procul este, profani*, yaani kaeni mbali, enyi msiostahili. Yanatoka kitabu cha sita cha utenzi wa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, juu ya shujaa Aeneas. Ni kauli ya kuhani mwanamke, wakati Aeneas anapokaribia kushuka kuzimu. Msomaji wa wakati ule aliyejua Kilatini alipata fununu kwamba matembezi ya kuzunguka ziwa yanaweza kusomwa kama safari ya Aeneas, na pango la mbele huenda likawa zaidi ya pango. Asiyejua Kilatini aliona hekalu zuri kando ya maji, akaendelea na matembezi yake, hakupungukiwa kitu. Rejeo zuri hufanya hivyo: humpa mmoja chumba cha ndani bila kumfungia mwingine nje.

Sasa, je, mtu wa Bagamoyo au Malindi amchonge Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale? Anaweza, hakuna anayemzuia. Lakini tuna ya kale yetu, na yanajua maji, kuta na ndege kuliko tunavyodhani. Nitoe mifano miwili ninayoona ingefaa.

Wa kwanza ni bomba la bustani au kisima. Katika utendi wa Fumo Liyongo, shujaa anachomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, naye anatoka hadi kisimani, anapiga goti, mshale umo upindeni. Watu wanamwona, wanaogopa, hawathubutu kuteka maji, na kumbe amekwisha kufa akiwa vile vile. Sasa tazama bomba la uani: kila anayekuja kuchota huchuchumaa au hupiga goti. Chonga kwenye jiwe la pembeni AMEPIGA GOTI, na katikati ya neno la pili, ndani ya ile O, pachika kipande chembamba cha shaba. Basi. Usiandike Liyongo. Mtoto atadhani jiwe linamsema yeye anapoinama na ndoo, na hatakuwa amekosea. Mwenye kuujua utendi ataiona shaba, na maji yatamtia wasiwasi kidogo.

Wa pili ni ukuta wenye zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, unatazama magofu ya majumba ya Pate, katika visiwa vya Lamu, na kuona kwamba madaka yaliyopangwa sahani za fahari sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Ukiwa na ukuta wa zamani, au hata ukijenga mpya wenye kidaka kimoja, weka humo chakula cha ndege na chini yake maneno matatu ya utenzi: WANA WA NYUNI. Finlay naye alitengeneza meza ya ndege yenye umbo la manowari ya kubeba ndege za vita; shomoro wakitua ni kikosi kinarudi. Yeye alikuwa akicheza na vita, sisi hapa tunacheza na kupita kwa utajiri, ila ufundi ni mmoja: kiumbe hai ndiye anayemaliza sentensi, tena bila kujua.

Kanuni mbili za rejeo. Kwanza, jambo la katika utenzi lilingane na jambo linalotendeka mahali hapo, si jina tu kwa ajili ya fahari. Pili, usiweke kibao cha maelezo pembeni. Ukishaeleza, umekuwa mwongoza watalii. Acha watu waulizane. Wazee wanapenda kuulizwa.

Ukichukua maneno ya mshairi wa karibuni, kumbuka haki. Tanzania na Kenya ulinzi wa hakimiliki ya mashairi kwa kawaida ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki zamani sana, hana tatizo. Mshairi aliye hai muombe ruhusa. Wengi watafurahi, na pengine atakupa mshororo ambao haujachapishwa.

Uwe tayari pia kwamba maneno huuma. Finlay aligeuza zizi la zamani kuwa hekalu la Apollo. Serikali ya mkoa ikasema hilo ni jumba la maonyesho, lilipe kodi yake. Yeye akasema ni hekalu. Februari 1983 maofisa wa mahakama walifika kukamata mali, wakakuta wamejipangiwa kama vita.

4. Panga njia

Kama jiwe ni moja, ruka hapa. Kama ni matatu au zaidi, amua mgeni aanze wapi. William Shenstone, mshairi wa karne ya 18 aliyegeuza shamba lake la The Leasowes kuwa matembezi yenye viti na mitungi ya mawe iliyoandikwa maneno ya Virgil, alilalamika sana kuwa majirani zake wakubwa walikuwa wakiwaleta wageni na kuwaingizia upande usio wake. Alikuwa na haki ya kununa. Ukimwonyesha mtu jibu kabla ya swali umeua vyote viwili. Ua wa miiba, ngazi moja, au njia nyembamba kidogo upande wa kutokea, humwelekeza mtu kuliko mshale.

5. Jua

Vitabu vya ufundi huu vimeandikwa na watu wa nchi za jua la chini. Uskoti jua hupita kando karibu siku nzima, kwa hiyo herufi zilizochimbwa hupata kivuli hata kwenye jiwe lililolazwa. Kwetu, karibu na ikweta, saa sita mchana jua liko utosini. Jiwe lililolazwa chini hupigwa mwanga sawasawa pande zote za herufi, na maandishi hupotea kabisa. Utaona bamba tupu. Yatarudi saa kumi.

Kwa hiyo: maneno ya kusomwa mchana yaweke kwenye uso uliosimama wima, ambako jua la utosini linateleza juu ya jiwe na kujaza kila mfereji kivuli. Uso unaoelekea mashariki ni wa asubuhi, wa magharibi ni wa jioni. Bamba la kulazwa liwe la mahali watu hupita asubuhi na alasiri. Unaweza kuitumia hali hiyo kwa makusudi: maneno ya jioni yanayoonekana jioni tu. Kabla ya kuchonga, chukua kipande cha jiwe lile lile, chimba herufi moja, kiache pale siku nzima.

6. Nyenzo

Tumbawe ni la kwetu na linapendeza, lakini lina vitundu. Halishiki herufi ndogo. Kimo kisipungue sentimita 8 na mistari iwe minene. Mawe ya Mazeras yanayotandikwa uani hushika herufi vizuri kama tabaka ni zito na halimeguki. Ligonge, likitoa sauti ya kufa liache. Jiwe laini la Kisii huchongwa kwa kisu, na kwa sababu hiyo hiyo hukwaruzwa kwa kucha: liweke ndani ya varanda. Granaiti iachie mashine za mafundi wa mawe ya makaburi, ambao ndio waandishi wazuri wa jiwe katika miji mingi, mradi uwapelekee mchoro wako kamili na uwakataze kuongeza maua.

Mbao: mvule au msaji, zisiguse udongo. Mchwa hasomi.

Ya bei ndogo ni kumimina saruji, na matokeo yake si ya kudharauliwa. Tengeneza kisanduku cha mbao cha sentimita 60 kwa 40, kina cha 6. Kata herufi kwa plaiwudi ya milimita 9, ukingo wake uupige msasa uwe mteremko ili zitoke bila kung'oa kona. Zigandishe kwenye sakafu ya kisanduku zikiwa zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo. Hakikisha kwa kioo kweli, si kwa akili. Paka mafuta ya kula. Oili chafu huacha madoa. Changanya saruji moja kwa mchanga mara tatu, maji kidogo, shindilia, weka wavu wa chuma katikati, malizia, gongagonga kisanduku mapovu yatoke. Fungua baada ya siku mbili au tatu, kisha lifunike kwa gunia bichi siku saba. Anayelianika juani siku ya pili atapata nyufa.

7. Kuchora na kuchonga

Kiswahili kina tabia ambayo wachonga Kilatini hawaijui: maneno yetu ni marefu na hayapendi kukatwa. Kwa hiyo neno refu kuliko yote ndilo linaloamua ukubwa wa herufi zote. Chukua bamba la sentimita 60, acha 5 kila upande, zinabaki 50. ALIYEKUPANDA lina herufi 12, kila moja inapata kama sentimita 4, na kimo hakiwezi kuzidi 4 na nusu hivi. Kipimo cha kusomeka ni kama sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali, kwa hiyo hilo litasomwa vizuri kutoka mita 5. Haitoshi? Badili neno, si herufi.

Chora kwa ukubwa kamili kwenye karatasi. Nafasi kati ya herufi usizipime kwa rula, zipime kwa jicho: W na A zikikaa pamoja huacha pengo, zisogeze, I na N zipe hewa. O izidi mstari kidogo juu na chini, la sivyo itaonekana imesinyaa. Geuza karatasi kichwa chini, pengo baya litajionyesha lenyewe. Bandika ukutani, rudi nyuma, kesho yake itazame tena.

Hamisha mchoro kwa karatasi ya kaboni. Patasi iwe bapa, yenye ncha ya tangisteni kwa mawe magumu, na nyundo iwe ya mbao. Anza katikati ya mstari wa herufi, si ukingoni. Shika patasi kwa nyuzi 45 hivi, gonga mara nyingi kidogo kidogo, panua kuelekea ukingo wa kushoto, kisha wa kulia, mpaka pande mbili zikutane chini kwa umbo la V. Kina kitakuwa kama nusu ya upana wa mstari. Kona za mwisho zifikie ukiwa na mkono mwepesi. Hapo ndipo jiwe humeguka. Vaa miwani na barakoa nzuri, na ulowanishe jiwe, kwa kuwa vumbi la mawe mengi lina silika na mapafu hayaisahau.

Kama huna mkono wa hivyo, si aibu. Finlay mwenyewe hakuwa mchongaji. Alichora, akaandika barua, akawapa kazi mafundi wa herufi kama Michael Harvey na Nicholas Sloan.

8. Kusimamisha, na jina la nyuma

Jiwe la kusimama lizikwe angalau theluthi ya urefu wake, juu ya kokoto ili maji yapite. Linalolazwa liinamishe kidogo mvua isituame ndani ya herufi. Rangi ndani ya herufi si lazima, kivuli kinatosha. Kuvu na ukungu viondoe kwa brashi ya nyuzi na maji matupu, kamwe si asidi, na mara nyingine viache: jiwe lenye umri halihitaji kuoshwa kila Ijumaa. Mimea ya mbele ipogolewe, ingawa jani moja likificha nusu ya neno mgeni ataliinua kwa mkono, na hilo ni jambo zuri.

Mwisho, nyuma ya jiwe au chini ya ukingo, chonga mwaka na jina la aliyechonga, si la aliyelipa peke yake. Finlay alikuwa akiwataja mafundi wake kwenye kazi. Na Pliny Mdogo, akieleza bustani ya nyumba yake ya Toscana karibu miaka 1,900 iliyopita, anasema vichaka vya ua vilikatwa kuwa herufi: nyingine zilitaja jina la bwana mwenye nyumba, na nyingine jina la mtunza bustani.